Barua kwa mwanangu: kuhusu harusi itakayokuwa yenu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Kolwezi imenifikia salama, na nimefurahi kuona kwamba wewe na mkwe wangu mnaifikiria harusi yenu kabla ya kuilipia. Umeniuliza ni harusi zipi, kati ya zote nilizozipiga picha tangu enzi za filamu, ambazo wenyewe bado wanazitazama, na ni kitu gani kilizifanya ziwe zao wala si za mpambaji wa ukumbi. Umenieleza pia kwamba mpambaji mmoja amewapa bei ya kila kitu kwa pamoja: herufi kubwa za taa zenye majina yenu, moshi mweupe wa kutambaa sakafuni, fataki baridi, keki ya ghorofa saba na kamera ya kuruka angani, na kwamba mchumba wako anaona fedha hizo zingefaa zaidi kwa mambo yanayowahusu ninyi wenyewe. Ninakujibu kama mama yako, na pia kama mtu aliyekulea wewe na ndugu zako kwa kazi hii.

Mchumba wako amesema kweli, na sababu si fedha peke yake. Harusi za mji wetu zinapita katika mikono ya wapambaji wachache, na vitambaa, viti vya kifalme na maua ya plastiki yanayofungwa Jumamosi hii katika ukumbi wa Kamalondo ndiyo yatakayofungwa Jumamosi ijayo katika ukumbi wa Kampemba. Nikitandaza mezani picha za kumbi hizo na kufunika nyuso za watu, hata maharusi wenyewe watashindwa kutambua ya kwao. Sisemi kwamba mapambo ni mabaya. Ukumbi uliopambwa vizuri unawaheshimu wageni, na wazazi wa pande zote mbili wanapenda kuona kwamba watoto wao hawakukalishwa mbele ya ukuta mtupu. Lakini mapambo hayawezi kueleza ninyi ni nani, kwa kuwa hayawajui.

Mimi nimelijua jambo hili kwa kuangalia picha ambazo watu hurudi kuziomba. Maharusi wakija kwangu baada ya miaka mingi, albamu ikiwa imeliwa na mchwa au simu ikiwa imepotea, hawaulizi picha ya tao la maua wala ya keki. Wanauliza picha ya mama akifunga kilemba cha dada yake nje ya kanisa, au ya baba akicheka na wakwe zake, au ya rafiki aliyeondoka kwenda ng'ambo na hajarudi. Wengi huja wakati wa kilio. Wewe mwenyewe, ulipokuwa ukinisaidia studioni, umeona mara ngapi picha inayowekwa juu ya jeneza ikiwa imekatwa kutoka picha ya harusi, kwa sababu siku ile ndiyo mzee alivaa vizuri, akakaa katika mwanga mzuri, na akawa na furaha. Kwa hiyo mnapopanga harusi yenu, jueni kwamba mnapanga pia picha za watu ambao hawatasimama tena mbele ya kamera wakiwa wamependeza namna ile.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Kitu kinachoifanya harusi iwe yenu ni kile ambacho kilikuwa na kazi katika maisha yenu kabla ya siku ya harusi. Nilimpiga picha binti mmoja ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, mwaka 2003 na 2004, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mzee huyo alifariki kabla ya kumwona binti yake akiolewa. Siku ya harusi, kwenye meza ya wazazi, kiti cha baba hakikukaliwa na mtu. Juu yake binti aliweka kofia ya kazi ya marehemu, ya plastiki ngumu, iliyokwaruzwa kote, yenye namba yake ya kazini iliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi iliyoanza kubanduka. Mshereheshaji hakuagizwa aseme neno lolote juu yake. Wazee walipopita kuwasalimu wakwe, mmoja baada ya mwingine walisimama mbele ya kiti kile, wengine wakaigusa kofia kwa vidole viwili, na mzee mmoja aliisoma namba kwa sauti, kisha akamweleza kijana aliyekuwa kando yake kwamba wenye namba za kuanzia hivyo waliingia kazini mwaka mmoja na yeye. Nilizipiga picha za mikono ile zaidi kuliko nilivyoipiga keki, na mpaka leo familia ile inanunua kwangu nakala zake.

Linganisha na harusi nyingine, ambamo maharusi waliagiza msalaba mkubwa wa shaba wa kuweka mbele ya meza yao. Kitu chenyewe kina heshima kubwa kwetu: watu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuitia katika kalibu zenye umbo la msalaba kwa karne nyingi kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910, na misalaba hiyo ilikuwa fedha yao, ikatolewa hata katika mahari. Lakini katika nyumba za maharusi wale wawili hakuna aliyewahi kuufahamu msalaba ule. Waliuchagua kwa kuwa waliuona katika harusi ya watu wengine. Katika picha zote za usiku ule hakuna mgeni hata mmoja aliyeuelekea, na ifikapo saa nne tayari ulikuwa umesogezwa kupisha kreti za vinywaji. Kama baba wa mmoja wao angekuwa mfua shaba, na kama mikono yake ndiyo iliyougonga, mambo yangekuwa tofauti kabisa.

Kwa upande wetu, ningeanza na munkoyo, kile kinywaji cha mizizi na uji wa mahindi, wa nkambo yako, mzee wetu wa Kipushi. Wewe umekunywa munkoyo ule tangu ukiwa mtoto mdogo, na unamjua anavyoponda mizizi, anavyosubiri uji wa mahindi upoe kidogo kabla ya kuizamisha ndani, na anavyokataa mtu mwingine asiukoroge, maana yeye anaona kwa macho uji unavyolegea na kuwa mwepesi. Mwombe autengeneze siku moja kabla, autie katika kibuyu chake mwenyewe wala si katika jagi la kioo la ukumbini, na ninyi wawili mnywe kutoka mkononi mwake mbele ya wageni kabla ya kukata keki. Hata keki ikiwa ya ghorofa moja hakuna atakayeihesabu. Namna atakavyouonja kwanza yeye mwenyewe, kama afanyavyo siku zote, ndiyo picha nitakayotaka kuiona ukutani mwenu. Kuhusu upande wa mkwe wangu, mimi sitasema ni kitu gani kitoke kwao. Nyumba yao ina wazee wake na mambo yake, na ni yeye atakayechagua. Ninaomba tu kwamba kitu chao kipewe muda sawa na chetu, wala kisiingizwe mwishoni wakati wageni wanatafuta funguo za magari.

Umeuliza pia kuhusu muziki, kama inafaa kumwita dijei au bendi. Mwite dijei, kwa kuwa vijana watataka kucheza hadi alfajiri, lakini kwa saa moja ya mwanzo waiteni vijana wa karindula, ule muziki wetu wa banjo. Baba yako mdogo aliipiga ngoma hiyo hapa Katuba, na wewe ulilala usingizi wa utotoni ukiisikia kutoka uani. Banjo ile kubwa, iliyotengenezwa kwa pipa na ngozi ya mbuzi, ambayo mpigaji wake huishikilia kama anayemzuia ng'ombe dume, inawainua wazee kutoka vitini kwa namna ambayo spika kubwa haziwezi. Wapo watakaosema kwamba karindula ni ya vilioni na ya mitaani, na haifai ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa. Mimi sikubaliani nao. Tumezika watu wetu nayo na tumewaoza watoto wetu nayo, na wanaoionea haya ukumbini ndio wanaoicheza uani.

Jambo ambalo ninataka ulizingatie kuliko yote ni siku ya mahari, kwa sababu wengi siku hizi wanaifanya kama kazi ya kumaliza haraka, fakture, yaani orodha ya mahari, isomwe, bahasha zipokelewe, watu wale, waondoke. Kwa macho ya mpiga picha, hiyo ndiyo siku iliyo tajiri zaidi. Wasichana wanaletwa wakiwa wamefunikwa kikwembe, yaani kitenge, wa kwanza anafunuliwa, upande wa bwana harusi unakataa, unatozwa kidogo, anakuja wa pili, naye anakataliwa, na kicheko kinazidi kupanda mpaka afike bibi harusi mwenyewe na vigelegele vijae uani. Kisha, baada ya kicheko hicho chote, baba anamwita binti yake, anamwonyesha vitu vilivyoletwa, na kumuuliza mbele ya watu kama avipokee. Hapo uwanja mzima hunyamaza. Binti hujibu kwa sauti ndogo, na mara nyingi huulizwa tena, ili pasiwe na mtu atakayesema kesho kwamba alilazimishwa.

Katika saa hiyo bibi harusi wa kwetu hachekicheki. Anainamisha uso, anatulia, na mara nyingine machozi yanamtoka, kwa kuwa anatoka katika nyumba ya wazazi wake, na kutoka huko akitabasamu kungewaumiza. Vijana wengi wanaofanya kazi hii sasa wamejifunza kutoka picha za nchi za mbali, nao humsumbua: tabasamu, dada, inua kidevu, mtazame mume wako. Nimeona mabibi harusi wakilazimishwa kucheka kwa ajili ya kamera huku shangazi zao wakiwaminya mkono chini ya meza ili wakae kwa heshima. Mwambie mpiga picha wenu, kwa maneno yaliyo wazi, amwache mkwe wangu awe na uso wake. Akitaka kulia alie, akitaka kucheka baada ya mahari kupokelewa acheke. Picha ya uso uliotulia ina nguvu yake, na watoto wenu watakapoiona watafahamu kwamba mama yao alikuwa akifanya jambo zito.

Ndoa ya serikali kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, haitawapa picha nyingi, lakini msiichukulie kwa wepesi. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ndiyo inayoilinda nyumba yenu, na ndiyo inayowataka mchague namna mtakavyomiliki mali. Kubalianeni juu ya hilo nyumbani, msiende kuangaliana mbele ya ofisa. Picha moja ya sahihi zikitiwa katika kitabu, wasimamizi wenu wakiwa nyuma, inatosha.

Kuhusu mwanga, sikiliza ushauri wa mama yako, kwa kuwa hapa ndipo harusi nyingi hupoteza picha zao. Mmechagua mwezi wa nane, ambao hauna mvua, na hilo ni jema, lakini jua la kiangazi la Katanga ni kali na mbingu hazina wingu la kulipunguza. Saa sita mchana, gauni jeupe linaungua katika picha na macho yanageuka mashimo meusi. Ukitaka gauni lionekane vizuri nyuso zinapotea, na ukitaka nyuso zionekane gauni linakuwa karatasi tupu. Mkitoka kanisani mchana, kaeni kivulini, chini ya miembe ya parokia, na msalimiane na watu huko. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo kuanzia saa kumi na nusu mwanga unalainika, na moshi wa vichaka vinavyochomwa msimu huo huligeuza jua kuwa la rangi ya chungwa. Muda huo ndio wenu. Usiutumie kuzunguka mjini na msafara wa magari ukipiga honi, mpiga picha akiwa amening'inia katika buti lililo wazi. Mlikutana chuo kikuu, katika kampasi ya Kasapa, basi nendeni Kasapa ninyi wawili na mpiga picha, pamoja na dada mmoja wa kushika gauni, kwa sababu vumbi jekundu la kule halitoki kirahisi kwenye pindo. Simameni mahali mlipokuwa mkisubiri basi. Wengine watakwenda kwenye bustani ya hoteli, penye chemchemi ileile ambayo kila bibi harusi amesimama mbele yake.

Ukumbini, mwambieni mpambaji awape taa za rangi ya manjano au nyeupe juu ya meza yenu na juu ya meza ya wazazi. Taa za zambarau na za buluu zinapendeza kwa macho, lakini zinaipaka ngozi yetu rangi ambayo hakuna mashine ya kuisafisha baadaye, na nimewarudishia watu picha ambazo nkambo zao wanaonekana wagonjwa kwa sababu ya taa tu. Kama kuna kitu kimoja cha kulipia katika orodha ya yule mpambaji, lipeni mwanga. Moshi wa sakafuni acheni. Unadumu kwa muda wa wimbo mmoja, unawakohoza wazee, na katika picha unawakata maharusi miguu. Kamera ya kuruka haina kazi ndani ya ukumbi, na nje itawapa picha ya mapaa ya mabati na vichwa vya watu. Majina yenu kwa herufi za taa, kama mkwe wangu anayapenda kweli, wekeni, hayana dhara.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa kukiongeza mimi. Mama zako wadogo na shangazi zako watatandika vikwembe chini ili mpite juu yake mkiingia, kama tulivyofanya kwa dada yako. Wengi wao wamenunua vipya. Mimi nitatandika kile ambacho baba yako alinitolea katika mahari yangu, nami ningali nakitunza sandukuni, kimepauka mkunjoni lakini hakijachanika. Mwambie mkwe wangu mapema, asije akashangaa kukuta nguo kuukuu kati ya mpya, wala mtu wa protokole, anayepokea wageni, asikiondoe kwa kufikiri kimeanguka kwa bahati mbaya.

Umemalizia kwa kuuliza kama nitawapiga picha mimi mwenyewe. Hapana, mwanangu. Siku hiyo nitakaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi, na mtu hawezi kukaa kwenye kiti hicho na kushika kamera. Nimezungumza na msichana niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ana studio yake katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, naye amekubali. Anajua kutembea taratibu katikati ya wazee, na haulizi mtu mara mbili kusimama. Lakini yeye hamjui mtu yeyote katika familia ya mkwe wangu, na mpiga picha asiyejua nani ni nani humpiga picha aliyevaa vizuri na kumwacha aliyelea. Kwa hiyo kaeni chini wote wawili, mniandikie majina ya watu ambao lazima wawemo, mkiweka kwa kila jina uhusiano wake na alama ya kumtambua: huyu ni shangazi aliyemlipia shule, hutembea na fimbo, huyu ni mjomba kutoka Likasi, hapendi kupigwa picha, apigwe akiwa anazungumza. Anzeni na wazee. Orodha hiyo nitumieni kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, ili niende nayo kwa yule msichana tuipitie pamoja, na mnieleze pia kama nkambo yako amekubali kuhusu munkoyo, maana mizizi mizuri inabidi itafutwe mapema.

Nisalimie mkwe wangu, na umwambie wazazi wake wasubiri simu yangu Jumapili baada ya misa.

Mama yako